Beseni la Alasiri

Jumatatu, 4 Agosti
Adhana ya alasiri, na mama mkwe amechukua beseni tena. Siku ya kumi na mbili tangu aje kutoka Luvungi. Ndoo ya maji baridi na sufuria ya maji moto zimetangulia. Amemtoa Zaina kifuani pangu, ameingia chumbani, amefunga mlango. Komeo nimelisikia. Nilimzaa mimi, lakini nimebaki uani kama mgeni.
Baada ya nusu saa ananiletea mtoto aliyelala fofofo, hadi magharibi. Huyu wa miezi miwili, aliyekuwa akilia mpaka sauti inamkauka! Kuna kitu anatiwa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeona chupa. Ndogo, nyeusi. Anaifunga kwenye pembe ya kitenge. Nilimwambia mume wangu, Ramazani, akacheka. Kwake, mama yake hakosei hata akikohoa.
Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimepigwa fundo kabisa.

Jumatano, 6 Agosti
Alipovaa nguo za kusalia aliacha kitenge kitandani. Nikafungua chupa. Mafuta ya kokwa za ngazi, yaani chikichi, yale ya kumpaka mtoto. Sikuamini. Nikajipaka mkono mzima, nikakaa mkekani kungoja usingizi. Waliokuja ni inzi tu.
Basi dawa iko kwenye maji.

Alhamisi, 7 Agosti
Kituo cha afya. Uzito umepanda. Vipele vya joto shingoni vimekwisha. Muuguzi aliuliza namwosha vipi, nikasema kila siku, alasiri. Nilisema kana kwamba ni mimi. Akafurahi. Eti mtoto akioshwa wakati ule ule kila siku anatulia, mwili unajua kuwa baada ya maji kuna kunyonya na usingizi.
Sawa. Lakini muuguzi hajaona mlango ukifungwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwosha mwenyewe asubuhi, haraka haraka. Alilia kama anachunwa. Alasiri, adhana ilipoanza tu, akanyamaza na kugeuza uso mlangoni. Kumtafuta bibi yake.
Ni wivu. Nauandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Naogopa mwanangu atamjua yeye kuwa mama, na mimi kuwa maziwa tu.

Jumapili, 10 Agosti
Lazima niandike haya.
Mama mkwe alipokuwa anatia udhu, niliingia chumbani. Kila siku ndoo huwa kushoto, sufuria kulia. Nikazibadilisha. Sabuni nikaisukuma chini ya kitanda. Nilitaka achanganyikiwe, afungue mlango aniite, nione anachoficha. Kisha nikasimama nje ya dirisha, penye pazia lililochanika.
Aliketi kwenye kigoda, Zaina mapajani. Akapeleka mkono kushoto bila kutazama. Kikombe kimoja. Viwili. Vitano vya kushoto, viwili vya kulia, kama alivyozoea. Uso wake ulielekea ukutani. Akapapasa sabuni, akapapasa tena. Hapo nikaelewa. Nikapiga kelele, nikakimbilia mlango na kuugonga kwa ngumi.
Kabla ya mtoto, yeye huchovya kiwiko. Ndicho kilichoungua. Zaina hakuguswa hata na tone.
Alifungua akiwa amemkumbatia. Aliuliza polepole, "Mama Zaina, nani amegeuza vitu?"
"Ni minye, Mama," nilikiri.
Akaketi. "Minye sioni tena muzuri. Macho iko na ukungu. Nafunga mulango juu weye usinione napapasa. Ungejua, ungeninyima mutoto."
Ningemnyima. Kweli kabisa.
Ndiyo maana saa ni ile ile, hatua ni zile zile. Adhana ndiyo saa yake, mikono ndiyo macho. Hakuna dawa. Aliyekaribia kumwunguza mwanangu ni mimi.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimempaka dawa kiwikoni. Ramazani ameambiwa na mama yake kuwa alijigonga kwenye sufuria. Mama mkwe hakunitazama aliposema hivyo. Aibu imenishika.
Alasiri beseni halikutoka. Zaina alilia hadi giza.

Jumatano, 13 Agosti
Leo nilibeba beseni mimi, nikamwomba anifundishe. Akavuta kigoda. Shingo kwanza. Makwapa. Mikunjo ya mapaja. Kichwa mwisho, mtoto asipate baridi. Mkono wake juu ya wangu. Nikikosea ananifinya kidogo, kama mtoto wa shule. Zaina alipiga maji kwa miguu akatulowesha wote wawili.
Mlango haukutiwa komeo. Tuliurudishia tu, kwa ajili ya upepo utokao ziwani.
Ramazani tutamwambia pamoja, mama yake akikubali. Macho hayo yanahitaji daktari.
Mtoto amelala. Bibi yake pia, hapo hapo mkekani. Beseni nimelikausha. Vitu vya kesho nimeviweka tayari: ndoo kushoto, sufuria kulia, sabuni kwenye kigae chake. Nilifika mlangoni, nikarudi kuangalia tena.