Kapu Lililojaribiwa Kichwani

Bariadi

Mama yangu mpendwa,

Kamwene Mama. Kwanza kabisa naomba unisamehe kwa kukaa kimya namna hii. Kila siku nasema leo naandika. Nikikaa tu, Baraka anaamka, na siku akiwahi kulala, mimi nimeshalala kabla yake. Karatasi ya kwanza niliyoianza aliitafuna.

Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Vinyungu vya bondeni, mboga zimekubali mwaka huu au maji yamekimbia tena? Sisi huku wazima. Siwezi kusema naumwa, hakuna panapouma, ila nimechoka, Mama. Naamka nimechoka. Mume wangu naye mzima. Msimu wa pamba umefunguliwa, kiwanda cha kuchambulia kinakesha, na yeye wamempanga zamu ya usiku. Asubuhi anarudi na nyuzi za pamba kwenye nyusi, utadhani kazeeka kwa usiku mmoja. Tunapishana mlangoni, yeye anaingia kulala, mimi natoka na mtoto mgongoni na vikapu kichwani.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, wewe mwenyewe unajua. Nikisema tu Neema wangu arudi huku kwangu, unasema mtandao unakatika. Halafu nakusikia vizuri kabisa unaendelea kupiga soga na Mama Eliza. Karatasi haikatiki. Mwambie Festo akusomee mpaka mwisho, na asiruke mahali.

Mara ya mwisho uliniambia, "Neema utamchukua biashara yako ikisimama. Sasa hivi hata wewe mwenyewe husimami." Maneno hayo nimekaa nayo. Ndiyo maana nataka nikusimulie mambo ya maonyesho, ujue biashara yenyewe ikoje, usije ukasema nimekuficha.

Kikundi chetu cha akina mama kilipata banda kwenye maonyesho ya wajasiriamali hapa Bariadi. Nikapanga vikapu vyangu vyote vya nyasi zetu za milulu, pamoja na lile kapu kubwa la mistari ya zambarau tulilosuka mimi na wewe kabla sijaondoka. Jirani yangu alikuwa Mama Shija, mtu wa Binza kule Maswa, anauza batiki na sabuni ya maji. Huyo mama ana mdomo, lakini ana roho.

Mama, wateja! Kuna waliokuja kupiga picha tu, wanamwinua Baraka aonekane na kikapu, wakimaliza wanasema "tutarudi". Baba mmoja alikigeuza kikapu, akakikalia kama kigoda, akaongea na simu mpaka akamaliza, akainuka, akasema kinabonyea. Dada mmoja wa ofisini akauliza, "Bei ya mwisho?" Nikamtajia. Akasema, "Hiyo ni ya mwanzo. Mimi nimekuuliza ya mwisho." Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Siku hiyo nilimpunguzia kila aliyekunja uso. Jioni banda lilikuwa karibu tupu, na kilichobaki mkononi hakitoshi hata kurudisha gharama ya milulu.

Mama Shija alikuwa ananiangalia tu. Akasema, "Wewe Mama Baraka huuzi, unagawa. Unataja bei, halafu unaanza kuiombea msamaha. Taja bei, funga mdomo. Atakayenuna anune."

Kesho yake akaja mayu mmoja, ndivyo wanavyowaita akina mama watu wazima huku. Ametoka Sapiwi, amefuatana na wanawe walioleta madume ya ng'ombe kwenye maonyesho. "Mwangaluka," akasalimia. Nikaitikia, nikampa na shikamoo juu. Akalinyanyua lile kapu kubwa, letu, akaliweka kichwani. Akaachia mikono. Akageuza shingo huku, akageuza kule. Kisha akaanza kutembea.

Nikadhani atageukia kwenye kona. Hakugeuka. Akapotea kwenye watu, kapu letu linaelea juu ya vichwa. Mimi namnyonyesha Baraka. Nikafungua mdomo nipige kelele ya mwizi, na kabla neno halijatoka, Mama Shija akanifunika mdomo na mkono wake wenye sabuni.

"Koma! Ukilitamka hilo neno kwenye watu hawa wote, yule mama hafiki jioni. Mfuate kwa miguu."

Nikajifunga mtoto mgongoni, nikamfuata. Jua la huku silo la kwetu, Mama, linakukalia begani kama mzigo. Kila nikimkaribia, amehama. Akasimama kwa wauza majembe, akanunua jembe, akaliweka ndani ya kapu langu! Akasimama kwa wauza chumvi, akatia na chumvi. Nilimpata kwenye zizi la madume, anazungumza na wanawe.

"Mayu, kapu langu."

"Linakuja."

"Linakuja wapi?"

"Si natembea nalo? Wewe ng'ombe unamnunua amelala?" Wanawe wakaanza kucheka. "Ng'ombe tunamtembeza kwanza tuone miguu. Kapu nalo, miguu yake ni hii shingo yangu."

Nikatembea nyuma yake maonyesho mazima, mimi na Baraka na jasho, kama ndiye niliyeajiriwa kulinda kapu. Mpaka leo nikikumbuka lile neno lilivyokuwa limefika kwenye meno, najifunika mdomo mwenyewe.

Tuliporudi bandani, wanawe nyuma yetu, akalitua. "Linalala kushoto, gete," akasema. "Kweli kabisa linalala. Punguza."

Na alisema kweli, Mama. Tulilisuka kwa ajili ya abiria wa mabasi, la kuning'iniza mkononi, kitako chembamba. Hatukuwaza kichwa cha mtu. Lakini nikataja bei yangu, nikafunga mdomo.

Akasema rangi itachuja. Kimya. Akasema mwenzangu wa upande wa pili anauza la plastiki, halilali kushoto wala kulia. Kimya. Akasema mtoto wangu anaungua na jua, mama gani mimi. Hapo nilitaka kujibu, nikameza. Akamgeukia Mama Shija, "Huyu ni bubu?"

"Si bubu, mayu. Ndiyo bei hiyo."

Akafyonya. Akakaa kwenye ndoo ya sabuni, akaliweka kapu mapajani, akaanza kufuatisha mistari ya zambarau kwa kidole, polepole, mpaka kwenye ukingo pale ulipofunga wewe. "Huu mkono siyo wako," akasema. Nikamwambia ni wa mama yangu. Kisha akasema ana binti anayeolewa baada ya mavuno, anataka makapu ya kumpeleka nayo, kama hili hili lakini yenye kitako cha kukaa. Nikamwambia kitako kipana kinakula milulu, bei itapanda. Akalalamika kwa Kisukuma, sijui alichosema, wanawe wakainamisha nyuso. Lakini akakubali. Na hili la kulala akalipa palepale kwa bei yangu. "Hili litabeba mayai," akasema. "Mayai siyaweki kichwani."

Akiondoka akauliza, "Nikija kukuulizia, niseme mama nani?"

Huku wote wananiita Mama Baraka, kwa sababu ndiye wanayemwona. Mama Shija alishafungua mdomo anijibie. Nikamwahi.

"Mama Neema."

Mama Shija akanigeukia. "Neema ni nani tena?"

"Mwanangu wa kwanza. Yuko kwa mama yangu, mbali."

Yule mayu akaniangalia kwa namna alivyokuwa akiliangalia kapu. Akauliza, "Siku akikuona, yeye atakuitaje?"

Hilo sikuwa na bei yake, Mama. Nilikumbuka simu ya siku ile, Neema alipochukua akasikiliza sauti yangu, akakuuliza, "Bibi, nani huyu?" Ukacheka, na mimi nikacheka. Nilipokata simu sikucheka.

Sisemi umeninyang'anya. Nilipokuwa na mimba ya Baraka, hata maji nayatapika, wewe ndiye uliyesafiri njia yote ile kuja kumchukua. Bila wewe sijui ningekuwa wapi. Na najua nyumba hiyo itakavyokuwa kimya. Lakini biashara nimeshakueleza ilivyo. Haijasimama. Inalala kushoto kama kapu letu, ila inatembea, na mimi natembea nayo. Nikingoja isimame, Neema ataniamkia kama mgeni.

Barua hii anakuletea Mwalimu Kastori, mtu wa huko kwetu anayefundisha hapa. Anakuja likizo na mke wake, na wanarudi kabla shule hazijafunguliwa. Nimeongea nao, mkewe amekubali kukaa na Neema kiti kimoja njia nzima. Nafasi ya darasa la awali nimeshamwombea, ni karibu na nyumbani. Wamebeba pia mfuko wa michembe, viazi vitamu vya huku vilivyokaushwa. Chemsheni mpaka vilainike, msivunje meno.

Nisalimie Festo mdogo wangu, mwambie ahsante kwa kusoma bila kuruka. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kufunga ukingo, mwambie mkono wangu bado unakaza kuliko wake. Mama Eliza, jirani yetu, mwambie nimemsikia kwenye simu. Babu mshikie mkono kwa niaba yangu, mshikilie kidogo.

Sasa ninavyohitaji. Milulu mirefu, ile ya kinyungu cha chini, usichanganye na mifupi. Rangi ya zambarau. Kisu changu kidogo cha mpini wa mbao, kipo juu ya kabati. Kadi ya kliniki ya Neema. Nguo zake zinazomtosha tu. Sweta lake jekundu libaki kwako, huku ni joto, na najua utataka kitu cha kushika. Na Neema mwenyewe, likizo hii, siyo mwakani.

Nimeshataja, Mama. Nafunga mdomo.

Ni mimi mwanao Vero,
Mama Neema