Nakala ya Ijumaa

Kibokoni, Jumanne

"Ijumaa saa saba sote tuko msikitini, hakuna agusaye kompyuta, kwa hivyo nakala ya akiba haiwezi kukosea." Ndivyo alivyonijibu Salim, mkuu wa kompyuta wa zahanati yetu ya Bondeni. Sote? Na Kadzo wa mapokezi, ambaye siku yake ya ibada ni Jumapili?

Kadzo alikuwa akiandikisha wagonjwa huku mashine ikinakili. Jedwali la majina lilinakiliwa kabla hajamwandika mzee mmoja wa sukari. Jedwali la dawa likanakiliwa baadaye, na sindano zake zimo. Juzi kompyuta ikafa, wakairudisha nakala hiyo. Dawa zipo, mwenyewe hayupo, na namba yake yaonekana haina mtu.

Leo namba hiyo akapewa dada yangu Zuhura, mgonjwa mpya. Nesi akamjia na sindano.

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya sukari, mama. Kompyuta yasema."

"Basi mdunge kompyuta! Mie nimeletwa na goti."

Lau Zuhura angekuwa mpole kama marehemu mama, angekunja mkono wa buibui akadungwa, na sasa hivi...

Salim ati kuyafunga majedwali yasiandikwe kitu wakati wa kunakili kutamchelewesha Kadzo. Na acheleweshwe!

Nanyi wa kamati ya zahanati, kesho nawajia: majedwali yote yafungwe pamoja mpaka nakala iishe, ama mkae nyinyi kwenye kile kiti cha sindano.