Gauni la Nusu Saa Kila Siku

Nyumbani, chumba cha cherehani
Tarehe 9 Mei

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la ofisini? Na shemeji yangu mtarajiwa, bado anakuvumilia? Sisi wazima. Mwanangu amefunga shule, kwa hiyo sufuria hazipumziki. Mimi pia mzima, kwa namna yangu, na hilo ndilo nataka kukueleza.

Ule ugonjwa wangu umepata jina. Unaitwa fibromialjia, nililitamka mara tano mbele ya daktari mpaka akacheka. Anasema mishipa yangu ya fahamu inakuza maumivu: kitu kidogo kinafika kichwani kikiwa kikubwa. Ndiyo maana majibu ya damu yalikuwa safi miaka yote mitatu, huku mabega yakiniwaka moto nami nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hauharibu viungo. Hauna dawa ya kuumaliza, lakini mtu anaweza kuishi nao.

Wewe ulisema mbele ya mama wadogo kwamba napenda kudekezwa. Iliniuma kuliko mabega. Nimekusamehe, maana hata mimi nilishaanza kujishuku.

Kosa langu lilikuwa siku nzuri. Mwezi wa pili niliamka mwepesi, nikashona sketi tisa za shule bila kuinuka, nikajiona shujaa. Siku nne zilizofuata sikuweza kuinua mkono kuchana nywele. Mwanangu ndiye aliyenichana. Daktari akaniambia siku nzuri ndiyo ya kuogopa. Sasa nashona nusu saa, saa ya jikoni ikilia naacha, hata mshono ukiwa katikati, natembea hadi kona na kurudi. Nalala saa ileile kila siku, na nameza kidonge kimoja cha jioni.

Shida ni kwamba mimi mbishi. Mume wangu, shemeji yako, amejipa uaskari: saa ikilia anavua mkanda wa cherehani na kuutia mfukoni. Wiki iliyopita aliusahau humo, akaenda nao kazini. Mteja akanikuta mbele ya cherehani nimekunja mikono, kama nasubiri basi. Nilimnunia bwana huyo hadi jioni.

Sasa la gauni lako la harusi. Nasikia ulimwambia shangazi utampa fundi mwingine, ili usinichoshe. Najua ni huruma. Lakini nimekushonea tangu sare yako ya kwanza, na nikinyang'anywa hili nitaamini kweli nimekwisha. Gauni lile ni kazi ya saa thelathini. Nikilipa nusu saa kila siku, ni siku sitini. Harusi iko mbali siku mia moja ishirini na saba. Zinazobaki ni za kuumwa, na sidhani kama nitazimaliza.

Tena nikuambie ukweli: kitambaa ulichochagua kwenye picha nimeshakinunua, na jana nimekikata mgongo na mkono mmoja. Hakirudi dukani.

Msalimie sana shemeji. Shangazi na mama wadogo wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe usingizi mnono, maana sasa najua thamani yake.

Akupendaye, mbishi yuleyule,
Dada yako

N.B. Usinenepe. Kufumua kutanila wiki nzima.