Pilau, ambaye Mbuchi walimwita Mgeni

Jumatatu, Kibiti.

Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua haishuki, na joto linabana kama mtu aliyekaa kifuani. Wenzangu wako madarasani wanafundisha. Mimi nimekaa kizingitini kwangu, bado nimevaa nguo za kazi, na sijui hasa ninafanya nini hapa.

Mbwa wangu amekufa.

Nimeandika "wangu" nikasita. Ngoja nianze mwanzo, huenda nikieleza nitaelewa na mimi.

Nilimpata Mloka, kituo changu cha kwanza cha ualimu. Mimi ni mtu wa Makete, nimezaliwa kwenye baridi, na kule sikuwa na ndugu wala rafiki. Dereva mmoja wa watalii alikuwa na jike la mbwa wa kienyeji lililozaa na kidume kifupi chenye manyoya mengi, cha wageni fulani. Watoto wakatoka kila mmoja na sura yake. Wa kwangu alikuwa na miguu mifupi na kichwa kikubwa, sikio moja limesimama, jingine limelala. Rangi ya kahawia, nyeupe na nyeusi, zote zimemwagika ovyo. Kwa mchanganyiko ule nikamwita Pilau.

Nilimlea kama mtoto. Nilimnywesha maziwa kwa kijiko, nikamtoa kupe kwa vidole, nikamvizia bwana mifugo kila alipopita ili nisikose chanjo. Tembo walipoingia mashambani na watu wakaanza kupiga madebe, Pilau aliingia uvunguni mwa kitanda, na mimi nilitamani kumfuata. Hakuwa mbwa wa ushujaa. Au ndivyo nilivyodhani.

Kisha nikahamishiwa Mbuchi, kijiji cha delta kinachofikiwa kwa boti. Kwenye boti abiria walimkwepa, wakasogea wote upande mmoja mpaka boti ikalala na nahodha akaanza kufoka.

Jirani yangu huko alikuwa Bi Mwajabu, mjane, mkulima wa mpunga. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamtazama mbwa.

"Na huyu nani?"

"Anaitwa Pilau, bibi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu kicheko kikakatika. "Chakula cha maulidi unampa mbwa jina? Mie simwiti hivyo. Mgeni huyu, nitamwita Mgeni."

Hakuwa na chuki. Alinieleza kwa upole kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo Pilau asipite mkekani pake, wala asikaribie ndoo zake. Akikaribia, kandambili ilimfuata. Nikawa namfunga kamba kila Bi Mwajabu alipotawadha nje. Nilitaka tuishi vizuri.

Mpunga ulipoanza kuchanua, Bi Mwajabu alihamia shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu wanachokaa watu kulinda mazao. Nguruwe pori na tumbili hawana huruma. Wakati huohuo Pilau akaanza kupotea mchana kutwa, na kurudi jioni ana matope mpaka masikioni. Siku moja ya mapumziko nikamfuata.

Nilimkuta chini ya dungu la bibi, amesimama kama askari. Juu, Bi Mwajabu amenyoosha mkono, sauti inavuka majaruba yote ya mpunga: "Mgeni! Huko mtoni! Huko, huko!" Na yule mbwa wangu mwoga akatoka mbio, miguu mifupi inarusha maji, akabweka mpaka nyasi za ukingoni zikayumba na kitu kizito kikakimbia.

"Mbwa wa kulinda shamba hana neno," bibi akanijibu kabla sijauliza. "Dini imemruhusu."

Alimtupia vichwa vya samaki kwenye jani la mgomba. Si kwenye chombo, kamwe. Wala hakumgusa.

Ikawa hivyo kwa misimu yote niliyokaa kule. Usiku analala kwangu, mchana yuko kwake. Sikuwahi kuona kwamba kuna jambo la kuwaza hapo.

Uhamisho wa kuja Kibiti ulipotoka, Pilau alikuwa mzee. Macho yameingia ukungu mweupe, meno mengi hayapo. Nilimbeba nikaja naye. Kumuuliza Bi Mwajabu hata hakukunijia akilini; unamwulizaje mtu kuhusu mbwa wako? Alitusindikiza mpaka botini, akasema, "Haya, Mgeni." Nilidhani ananiaga mimi. Nikapunga mkono.

Hapa Kibiti alilala tu, uso ameuelekeza ukutani. Kisha akaacha kula. Nilimpikia maini. Nilimlainishia ugali kwa supu. Nilimlisha kwa vidole, akafumba mdomo na kugeuza kichwa polepole, kwa adabu, kama mzee anayekataa chakula asimuudhi mkwe. Bwana mifugo alimsikiliza moyo, akaniambia, "Mwalimu, huyu ni uzee. Ukitaka nimpumzishe kwa sindano. Hatahisi kitu."

Nikamjibu nitafikiri. Nilifikiri, nikafikiri, nikaishia palepale. Kumuua ni ukatili. Kumwangalia akikauka ni ukatili. Nani amenipa mimi kazi hii?

Ndipo Bi Mwajabu alipokuja Kibiti kliniki ya presha na kufikia kwangu.

Hajamaliza kusema hodi, Pilau akainuka. Miguu inatetemeka, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akarudi nyuma, akaifuata ile sauti mpaka akazipata nyayo zake. Mkia ule niliosahau kwamba huwa unachezeka ukaanza kucheza. Bibi akaomba wali, akaufinyanga tonge, akauweka kwenye jani. Pilau akala. Akala lote, akatafuta jingine.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyeibiwa, na mwizi ni bibi wa watu aliyekaa kwenye kiti changu anakunywa chai.

Kesho yake asubuhi alitandika kanga yake kuukuu sakafuni. "Nakwenda naye," akasema. Hakuniomba.

"Na najisi, bibi?"

"Mkavu kwa mkavu hakuna neno. Akinilamba, maji yapo na udongo upo."

Nilipiga magoti, nikamlaza Pilau juu ya ile kanga, nikaifunga mwenyewe, mafundo mawili. Bodaboda ilipoondoka, kichwa cha Pilau kilikuwa nje, kimeegemea kifua cha bibi. Hakugeuka kunitafuta. Najiambia ni kwa sababu alikuwa haoni. Najiambia mara nyingi.

Nilipiga simu mara kwa mara, mtandao wa kule ukikubali. Anakula, bibi alisema. Analala chini ya dungu. Habweki tena, lakini nguruwe wakija namwita vilevile, anainua sikio.

Leo asubuhi, kengele ya mstarini haijalia, simu ikaita.

"Mwalimu. Mgeni ametutoka."

Hivyohivyo, kama wanavyosema kuhusu mtu. Kisha akauliza, "Eti mwalimu, nyie Wakristo, mbwa akifa mnamfanyaje?"

Nimesoma mpaka chuo. Nimekaa kanisani tangu utotoni. Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwetu Makete mbwa akifa huburutwa korongoni, na hakuna anayesimulia.

"Sijui, bibi," nikasema. "Mfukie tu."

"Nshamfukia. Palepale chini ya dungu. Nilitaka kujua kama nimekosea."

Nikamwambia hajakosea. Nimejuaje?

Nilipofika shuleni mwalimu mkuu akayaona macho yangu. "Umefiwa, mwalimu?" Nikaitikia kwa kichwa. "Na nani?" Mdomo wangu ukasema, "Ni wa Mbuchi." Akanipa pole na ruhusa palepale, na walimu wa kike wakasema jioni watakuja kukaa na mimi.

Kufiwa. Neno hilo ni la watu. Lakini nikitafuta neno jingine silioni.

Nimekaa hapa mpaka adhuhuri nikiwaona kichwani wanaingia, wamejifunga kanga, wanaanza kuimba pambio. Sikuweza. Nikampigia mwalimu mkuu nikamwambia ukweli. Kwa muda nilisikia tu watoto nyuma yake wakiimba jedwali la kuzidisha.

"Mbwa?"

"Mbwa, mwalimu."

"Ulikaa naye sana?"

"Tangu nianze kazi."

Akavuta pumzi. "Basi nitawaambia wasije. Kesho njoo kazini." Hakucheka. Hakukasirika pia. Sijui alikuwa na nini, na mimi sijui nilitaka awe na nini. Baada ya kukata simu nilitamani wale wanawake waje vilevile.

Najaribu kujibu kitu kimoja tu na nashindwa. Nilimtelekeza dakika ya mwisho, au nilimrudisha kwao? Mikono yangu ilimtoa kupe maisha yake yote. Mikono ya bibi ilimgusa siku za mwisho tu. Lakini nani alimjua? Mimi nilimfahamu mwoga. Yeye alimfahamu askari.

Huenda walikuwa mbwa wawili.

Bibi amepiga tena sasa hivi. Mtandao unakatika, sauti yake inakuja vipande vipande. Ameuliza kama nitakwenda Mbuchi.

"Kufanya nini, bibi?" nimemwuliza, na nilikuwa nauliza kweli, si kwa kukataa.

"Sijui," akasema. "Kukaa tu."

Jumamosi kuna boti.