Kiti cha Mchana, Kitanda cha Usiku

Mpendwa Bibi Mshauri,

Nakusalimu kutoka Bwera, huku mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako gazeti lenu hutufikia likiwa limefungiwa sukari lakini tunalisoma hivyo hivyo, naomba unisaidie na naomba sana usitaje jina langu, mimi ni mke wa dereva mmoja anaitwa Magidu, sisi ni Waislamu, Waganda, kwetu ni Butambala, nilipoolewa nililetwa Kasese tukakaa nyumba moja na kaka zake na wake zao, na mume wangu akawa anabeba kahawa na maharage ya Kyarumba kupeleka mpakani, anarudi amechoka, anakula, anaondoka tena, nikawa namjua zaidi kwa nguo zake za kufua kuliko kwa uso.

Sasa mwaka jana walifika hapa Wazungu wawili, mume na mke, na Kombi la rangi ya machungwa lenye mapazia ya maua, ndani mna jiko na kabati na kiti kirefu ambacho usiku ukikivuta kinafunguka kinakuwa kitanda, na juu ya paa walikuwa wamefunga ubao mrefu uliochongoka mbele, wakasema kwao, katika mji fulani wa baharini, watu husimama juu ya ubao kama ule wakapanda mawimbi, na kazi nyingine hawana, wanaamka jua likiwa juu, wanatazama maji, wakiona hayafai wanarudi kulala. Injini ikawafia hapa Bwera, wakangoja kipuri mpaka wakachoka, wakamwachia Magidu gari pamoja na ubao kwa bei ya kuelewana, wakaenda kupanda treni. Magidu akalitengeneza, akaja kunichukua Kasese, akaniambia, "Na sisi tutakaa kama wale." Akaliegesha karibu na mto Lhubiriha, ambao hauna wimbi lolote ila ukijaa unachukua mbuzi, tukakaa. Bibi Mshauri, nasema kweli, sijapata kuwa na raha kama ile, asubuhi tunafungua mlango tunakunywa chai tukitazama watu wanavuka kutoka Kongo na mizigo kichwani, siku za mzigo ananibeba pembeni yake, na mume wangu kumbe ni mtu wa kuchekesha, sikuwa najua.

Kisha mama yangu akatuma neno kwamba anakuja kunitembelea kwa treni. Magidu akatoka jasho, kwa sababu kwetu Buganda mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawapeani mkono, hawalali chini ya paa moja, na mama mkwe akikaa kwenye kitanda cha mkwewe atapata obuko, yaani mikono inaanza kutetemeka na haiachi tena. Kulala tulipanga alale kwa jirani yangu Kaswera, Mkongomani wa Butembo anayeuza mikate, lakini shida ilikuwa njia, kutoka stesheni ya Kasese mpaka Bwera, maana ndani ya gari hakuna pa kukaa ila kile kiti. Magidu akaniambia, "Ule ubao ya Muzungu weka juu ya kiti, mama akalie ubao, asikalie kitanda. Mimi nafunga pazia, siangalii nyuma." Nikasema sawa.

Kosa langu ndilo hili. Ubao nilikuwa nimeshampa Kaswera. Alikuja akaniambia, "Dada, ile planche yenu iko inalala tu bure, unipatie, nitapanga mikate yangu juu yake ku soko," nikampa, na siku ya kwenda stesheni alikuwa amevuka nao kwenda kuuzia mikate Kasindi, upande wa Kongo. Nikaona haya kumwambia Magidu, maana ubao ule anaupenda kuliko tairi la akiba, nikasema moyoni nitapata la kufanya, na sikupata.

Stesheni Magidu akageukia ukuta, mama akajifunika leso uso mzima, wakasalimiana kupitia kwangu. Nikamnunulia mama chai, akasema hana kiu. Nikamwingiza garini, akanipa furushi lake, akasema, "Mwanangu, nifungulie, fundo hili limenishinda," nikashangaa kidogo kwa sababu tangu nimezaliwa mafundo yote pale nyumbani anayafungua yeye. Ndani mlikuwa na mkeka, mama yangu ni msusi wa mikeka anajulikana Butambala nzima, lakini huu ulikuwa haujaisha, akautoa akautandika juu ya kiti akakaa, nikafikiri anaogopa vumbi. Mimi nikakaa chini sakafuni. Kutoka mbele ya pazia Magidu akauliza, "Mama iko nakaa vizuri?" Nikajibu, "Amekaa vizuri."

Njiani tukasimamishwa na askari wa jeshi, akavuta mlango wa pembeni kwa nguvu. "Nani iko ndani? Hii gari iko na pazia ya nini?" Magidu akajibu huku anatazama barabara, "Bibi yangu na mama mkwe, afande." "Geuka, onyesha mkwe ni gani!" "Siwezi kugeuka, afande. Ni mkwe." Askari akafikiri, kisha akasema, "Watu nasema hii gari iko na kitanda. Kitanda iko wapi?" Na Magidu, mtu asiyejua uongo, akasema, "Ni hiyo kiti, afande, usiku navuta inafunguka." Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka ili mama asisikie. Askari akamtazama mama, akakitazama kiti, akafunga mlango polepole kwa mikono miwili. "Endeni," akasema. "Pole."

Mama akakaa kwa Kaswera siku chache akarudi kwao, na siku ya kuondoka alinipa ule mkeka akasema, "Umalizie wewe," nikaona ananiongezea kazi, nikauweka juu ya kabati. Alipokwisha kuondoka Kaswera akaniambia, "Mama yako iko natetemeka mikono sana, dada, chai yote ilikuwa inaenda ku nguo." Nikakumbuka kile kiti. Na sasa imefika habari kutoka kwa dada yangu Habibah kwamba mama hasuki tena, kikombe hakishiki, na wazee wameuliza ni mkwe gani amevunja mwiko, na kidole kimemwangukia mume wa Habibah kwa sababu anakaa jirani na mama na siku moja alimpelekea sukari akaingia mpaka ndani. Anaapa hajafanya kitu, Habibah analia, na mimi nimenyamaza. Nikisema, wazee wataamuru gari liuzwe, nitarudi nyumba ya kaka zake Kasese na Magidu atarudi kuwa nguo za kufua. Nisiposema, nimemuua mama yangu na nimevunja nyumba ya dada yangu. Magidu hajui lolote, anaimba tu. Nifanyeje?

Mimi niliyejificha,
Bwera

BIBI MSHAURI ANAJIBU:

Wewe uliyejificha, umeniomba nisitaje jina lako, na sikulitaja. Lakini umemtaja mumeo, jirani yako, dada yako, rangi ya gari, maua ya pazia na mto mlioegesha kando yake, na mhariri wetu ameyachapa yote. Mficha uchi hazai, wewe umejifungua mbele ya nchi nzima. Kwa hiyo swali la kusema au kutosema limekwisha. Gazeti hili litafika Butambala, nako huko kuna watu wanaonunua sukari. Fanya uwahi kufika kabla yake.

Pole, ndugu yangu. Kupenda kukaa na mumeo si kosa, usimwombe mtu radhi kwa hilo. Ila kitu mumeo anachokipenda hukigawi kwa jirani halafu ukanyamaza. Mrudishie ubao wake leo, na Kaswera mtafutie meza.

Sasa kaa chini usome barua yako mwenyewe, maana uliiandika bila kuisoma. Chai mama yako aliikataa wapi? Stesheni. Mtu ametoka Butambala, amepanda treni, amekula vumbi, anasema hana kiu? Anayekataa chai namna hiyo anaogopa mtoto wake amwone akiimwaga. Fundo lilimshinda kabla ya kukaa, na kiti chenu alikuwa hajakigusa hata kwa kidole. Mikono ile ilipanda treni ikiwa tayari inatetemeka.

Na ule mkeka, unadhani aliutandika kwa sababu ya vumbi? Mama yako amelea mabinti na kuwaoza. Kitanda anakijua hata kikikunjwa. Mumeo alitaka kuweka ubao katikati, ubao haukuwepo, mama yako akaweka mkeka katikati. Kama ubao ulitosha kulinda heshima, mkeka umepungukiwa na nini? Na usinidanganye kwamba kikohozi chako kilimzuia asimsikie askari. Alisikia. Akanyamaza ili usiaibike mbele ya mumeo.

Mimi sibishani na obuko, si mwiko wa kwetu na wazee wenu wapo. Kama watasema Magidu atoe kitu cha kusafisha, atoe, tena atoe bila kununa. Lakini ipo mikono inayotetemeka kwa maradhi ambayo hayana mkwe ndani yake, na maradhi hayo yana madaktari.

Mwambie Magidu leo, chai ikiwa mezani. Mtu aliyekataa kugeuka mbele ya askari mwenye bunduki kwa ajili ya heshima ya mama yako hawezi kukufukuza kwa ajili ya ubao. Kisha aliwashe hilo gari, mwende Butambala. Ukifika, kabla hujala, simama mbele ya wazee useme shemeji yako hana kosa, useme kwa sauti ambayo Habibah ataisikia akiwa jikoni. Wakisema gari liuzwe, waulize mama atapelekwa hospitali na nini. Nadhani watalifikiria upya. Atasafiri nyuma, pazia limefungwa, ubao juu ya kiti na mkeka juu ya ubao, na Magidu aangalie barabara kama alivyozoea.

Lakini hayo yote ni mambo ya magari na wazee. Lako wewe ni moja. Msusi wa mikeka anayejulikana Butambala nzima alisafiri mpaka Bwera na mkeka uliokwama katikati, akaubeba mwenyewe, akakukabidhi mkononi, akakwambia umalizie wewe. Alikuja kukuambia kwamba mikono yake imekwisha. Maneno hakuyapata, akakupa mkeka. Na wewe siku zote hizo ulikuwa unaangalia makalio yake yamekaa wapi.

Ushushe huo mkeka juu ya kabati. Nenda nao, ukae chini miguuni pake, uusuke yeye akiona. Usianze kulia, na habari ya kitanda usiitaje mpaka aitaje yeye. Akitaka chai, mshikie kikombe. Akikuambia umekosea mstari, fumua uanze tena, wala usimjibu.