Nilichokiona Nilipomwosha Mishi

Mtongwe, Likoni. Jumatano, 1993.

Tangu alfajiri ni wingu na fukuto. Mvua hainyeshi wala haiondoki. Nami siko sawa. Nimeunguza mahamri, jambo lisilonitokea tangu niolewe.

Niandike kabla moyo haujageuka.

Ijumaa tulimzika Mishi, jirani yangu na mwenzangu tangu tukiwa wasichana. Mimi ndiye niliyemwosha. Kazi hii nimeirithi kwa mama, na hapa mtaani mwanamke akifa huitwa mimi. Watu waliambiwa kifua. Hata mimi niliambiwa kifua. Alikuwa akikohoa, amekonda, na siku za mwisho akijifukiza udi asubuhi na jioni mpaka tukamtania kwamba anataka kuolewa upya.

Nilipomfunua nikajua udi ule ulikuwa wa kufunika harufu gani.

Titi la kushoto halikuwa titi tena. Sitaandika zaidi. Msaidizi wangu aliniangalia, nikamwangalia, tukaendelea kumwagia maji. Mwosha huona, hasemi. Aibu ya maiti ni amana. Ndivyo mama alivyonifundisha, na sikuwahi kuivunja.

Lakini tangu siku ile nafsi haitulii. Mishi alinyonyesha watoto saba! Sisi siku zote tumesema saratani ya titi ni ugonjwa wa mabibi matajiri wa Nyali, wanaolea kwa maziwa ya kopo ili wasiharibu vifua vyao. Sisi tulionyonyesha mpaka mtoto akajua kuliomba titi kwa jina, utatupatia wapi? Na kisichouma si ugonjwa. Maneno hayo nimeyasema mwenyewe, tukisukana nywele uani, nikacheka. Mishi alikuwa kakaa ubavuni mwangu, akacheka pia.

Alikuwa nao tayari siku ile?

Juzi kwenye hitima, bintiye Rukia alinivuta chumbani. Yeye ameolewa Malindi. Alifika mamake keshazikwa. Akafunga mlango, akafungua vifungo, akauchukua mkono wangu akauweka pembeni mwa titi lake. Pana kitu kama kokwa ya ukwaju. Kigumu, hakisogei.

"Wanasema ni maziwa yameganda kwa kuwa nimemwachisha mtoto," akasema. "Hakiniumi. Lakini niambie, Bi Tumu, mama alikuwa na nini?"

Nikisema, nimemvua Mishi nguo mbele ya mwanawe. Nisiposema, ipo siku nitaitwa tena, na safari hiyo nitamwosha Rukia.

"Mamako hakufa kwa kifua," nikamwambia. Kisha nikamweleza nilichokiona.

Hakulia. Aliusukuma mkono wangu. "Wallahi umemwaibisha mamangu, na udongo wake haujakauka." Akatoka. Nikabaki nimeketi kitandani kwa Mishi, nasikia wanawake wakisoma huko nje, naona nimewakosea wafu na walio hai kwa pamoja.

Jana sikutoka. Nilingoja jamaa zake waje kunisuta. Hakuja mtu, na hilo lilinitisha zaidi.

Leo asubuhi nikasikia hodi. Ni Rukia, na buibui lake, macho yamevimba. Hakuniamkia.

"Nipeleke hospitali. Kabla mume wangu hajaja kunichukua."

Tukavuka maji kwa feri mpaka hospitali ya mjini. Daktari alikuwa mwanamke, mpole wa maneno. Alimpapasa, akapapasa na kwapani. Alimchoma sindano akatoa chembe za kupima, akasema majibu turudi tuyachukue keshokutwa, lakini kitu kile lazima kitolewe, kiwe kibaya kisiwe kibaya. Rukia akamuuliza kama si kisu ndicho kinachoutawanya ugonjwa, maana ndivyo tunavyoambiana huku kwetu. Daktari akasema hapana. Wengi wanaokufa baada ya kisu huwa wamekuja wamechelewa. Akamuuliza kama katika ukoo wake kuna aliyewahi kuugua hivi.

Rukia akanitazama. Nilidhani atanyamaza.

"Mama," akasema. Ndipo machozi yalipomtoka.

Daktari akamwambia amefanya vyema kulisema hilo, kwani mtu aliyeuguliwa na mamake hatari yake huzidi. Lakini akatugeukia sote wawili akasema hata asiye na mtu katika ukoo wake huupata. Hata aliyenyonyesha. Nikainamisha kichwa.

Kwenye feri, tukirudi, Rukia alikuwa ameshika chuma, anatazama maji. "Ungenificha," akasema, "kesho ningerudi Malindi nikakande maziwa." Sijui kama alinishukuru au alinilaumu. Kisha akanigeukia. "Mwosha huoshwa, Bi Tumu. Wewe umejitazama?"

Nimeshika vifua vya wanawake wa mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo. Changu sijawahi.

Alasiri nikajifungia bafuni. Nikajipapasa kwa mikono hii ninayooshea maiti. Kulia hamna kitu. Kushoto, karibu na kwapa, pana kivimbe, au ni hofu yangu tu. Nimepapasa, nikaacha, nikapapasa tena.

Sijui. Wallahi sijui.

Mume wangu sijamwambia. Rukia naye ana yake ya kutosha. Lakini keshokutwa tunarudi kwa daktari yule, na nimeyaweka haya hapa ili nisipate pa kujificha: Rukia akitoka mle ndani, nitaingia mimi.