Ndoo ya Mama Hansa

Dada Rehema,

Mvua ya mawe inatwanga mabati ya Kisii, hata salamu hizi nakuandikia huku nimepaza sauti!

Unakumbuka nilivyokulilia kwenye simu kwamba kazi yetu ya kuingiza ajali za barabarani kwenye kompyuta, wakubwa wa Nairobi wazisome kwa intaneti, haijaokoa hata kuku? Kumbe kosa lilikuwa letu. Kona moja ya barabara ya Nyamira ina majina matatu, kutegemea nani ameandika ripoti, nasi tukahesabu kona tatu, kila moja na ajali chache tu. Mama Hansa, mwenye duka tunakonunua mkate, aliiona orodha akafoka: "Hizi zote ni hapa mbele ya duka yangu! Nyinyi mnaandika, damu naosha mimi."

Tukaziunganisha. Nairobi wakaona, matuta yakawekwa, na tangu hapo hakuna aliyeumia.

Leo mawe yalipoanza, Mama Hansa alikimbia nje kuiokoa ile ndoo aliyokuwa akiwawekea majeruhi maji. Siku hizi ameotesha dania humo.

Nitakuletea fungu, unipikie mchuzi.

Mdogo wako,
Salma